Sindano Iliingia, Mwili Haukuitikia

Mwanangu alikuwa katika mwaka wake wa pili wa sindano za homoni ya ukuaji pale majibu ya damu yalipoanza kwenda kinyume na tulivyotarajia. Kwa watoto waliopungukiwa homoni hiyo kama yeye, kinachoangaliwa zaidi si homoni yenyewe. Homoni hiyo hutoka kwa vipindi, nyingi usiku mtoto akiwa usingizini, na ukiipima ovyo mchana unaweza usiikute kabisa. Kinachopimwa ni IGF-1, protini ndogo ambayo ini huitengeneza likishapokea ujumbe wa homoni ya ukuaji, na ambayo kiwango chake kwenye damu hakiyumbi sana kutwa nzima. Mwaka wa kwanza IGF-1 ilipanda vizuri, kijana akaongezeka sentimita 9. Mtoto ambaye hajaanza kubalehe huongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka, hivyo wetu alikuwa anafidia miaka aliyobaki nyuma. Mwaka wa pili kasi ikalegea hadi ikawa chini hata ya ile ya mtoto wa kawaida, na IGF-1 ikashuka chini ya mpaka wa umri wake. Dawa ni ile ile, dozi ni ile ile, na anayechoma ni mimi yule yule.

Mambo yakifika hapo, la kwanza wanalotaka kujua kliniki ni kama sindano zinachomwa kweli. Siwalaumu. Sindano ya kila usiku, mwaka nenda mwaka rudi, inachosha, na zipo familia zinazoanza kuruka siku bila kumwambia daktari. Daktari aliuliza kwa upole. Muuguzi hakuzunguka: "Mama, sema tu, hapa hakuna atakayekugombeza." Nikamweleza ninavyofanya, hatua kwa hatua. Kalamu inatoka kwenye friji, ambako inakaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, mbali na ule ukuta wa nyuma unaogandisha, maana dawa ikishaganda imeharibika hata kama kwa macho bado ni maji safi. Nazungusha kitako cha kalamu mpaka kwenye dozi, nashika nyama ya paja, jana kushoto leo kulia, nachoma, nabonyeza hadi mwisho, kisha nahesabu polepole hadi kumi ndipo nachomoa. Ukiwahi kuchomoa, tone linabaki juu ya ngozi, na tone hilo ni sehemu ya dozi. Alisikiliza yote, akaandika kitu kwenye faili, na usoni nikasoma kwamba hajaniamini.

Ikafuata tezi ya thairoidi. Hiyo ni hatua ya busara ambayo haipaswi kurukwa, kwa sababu sindano hizi zinaweza kuibua udhaifu wa thairoidi uliokuwa umejificha, na thairoidi ikiwa chini mtoto hakui, umpe homoni ya ukuaji kiasi gani. Ilikuwa nzima. Likabaki pendekezo la kupandisha dozi. Dozi hupigwa kwa kilo za mtoto, kwa kawaida mikrogramu 25 hadi 35 kwa kila kilo kwa siku kwa mwenye upungufu kama wa wetu, na nafasi ya kupanda ilikuwepo. Ingepanda wiki ile ile kama mtaalamu wa lishe hangeomba kwanza kuiona chati ya uzito.

Kwenye kliniki ya ukuaji macho ya wote yako kwenye mstari wa urefu, kwa kuwa urefu ndio uliotupeleka pale. Huyu mama aliweka rula chini ya mstari wa uzito akaanza kurudi nao nyuma, nukta kwa nukta. Uzito ulikuwa umeacha kupanda miezi kadhaa kabla ya urefu kulegea. Akaniuliza, "Mama, hapa nani alitangulia kuchoka, kilo au sentimita?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha kila kitu, na ningependa kila mzazi mwenye mtoto mfupi alijue. Mtoto aliyepungukiwa homoni ya ukuaji huchelewa kwa sentimita, huku kilo zikiendelea kama kawaida, wakati mwingine kupita kawaida. Ndivyo wangu alivyokuwa tulipoanza: mfupi, mashavu ya mviringo, kitumbo kilaini, ukimwona unamdhania mdogo kwa miaka miwili. Mtoto ambaye chakula hakimfikii hufanya kinyume. Kilo zinasimama kwanza, na sentimita zinafuata baadaye, mwili ukishaona hali haibadiliki.

Kilichowachanganya wote ni kwamba homoni ya ukuaji yenyewe inapunguza mafuta. Tuliambiwa mapema kwamba kijana atakonda kidogo mwaka wa kwanza, na kweli alikonda, na ilikuwa dalili njema. Alipoendelea kuwa mwembamba mwaka wa pili, hakuna aliyeshtuka. Lakini wembamba ule haukuwa wa aina moja. Mwaka wa kwanza mafuta yalipungua huku mizani ikipanda, kwa sababu misuli na mifupa vilikuwa vinaongezeka. Mwaka wa pili mizani yenyewe ilisimama. Mkanda wa suruali ulihamia tundu la ndani wakati pindo bado liko pale pale kwenye kifundo. Matako yalisinyaa, na tumbo, badala ya kuingia ndani, lilitokeza mbele.

Ilinibidi nijifunze kwa nini mtoto anayepewa homoni kamili kila usiku anaweza kuacha kukua kwa sababu ya lishe. Kichwani mwangu niliviweka kama vitu viwili vya mbali: homoni ni ya daktari, chakula ni cha jikoni.

Miaka ya 1960 watafiti wa Cape Town walipima damu ya watoto wenye kwashiakoo. Watoto wale walikuwa wamedumaa, na mtu angetegemea homoni ya ukuaji iwe chini. Waliikuta juu kuliko ya watoto wenye afya, na ilishuka walipolishwa protini wakapona. Ilipokuja kuwezekana kupima IGF-1, ikaonekana kwamba wakati homoni iko juu, IGF-1 iko chini kabisa. Picha hiyo hiyo iko kwa watu wenye anoreksia, wale wanaojinyima chakula mpaka wanakonda kwa hatari, na hata kwa mtu mzima mwenye afya akikaa siku chache bila kula. Homoni imejaa, ini halisikii.

Ini lina sababu zake. Chakula kikipungua insulini inashuka, na insulini ni miongoni mwa vitu vinavyoliwezesha ini kuweka vipokezi vya homoni ya ukuaji kwenye seli zake. Vipokezi vikipungua, ujumbe unagonga mlango usio na mtu. Juu ya hayo, katika njaa ini hutoa homoni yake nyingine, FGF21, ambayo hukwamisha ndani ya seli hata ule ujumbe uliofanikiwa kupokelewa. IGF-1 inashuka. Kwa kuwa IGF-1 ndiyo inayoirudishia tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo inayotoa homoni ya ukuaji, habari kwamba "imetosha", tezi isiposikia habari hiyo inazidi kumwaga homoni. Na homoni hiyo haipotei bure, kwa sababu ina kazi nyingine isiyopitia IGF-1: kuyatoa mafuta kwenye akiba yatumike kuwa nishati. Kaya iliyoishiwa haijengi chumba kipya. Inauza ilichonacho ili watu wale. Mwili wenye njaa unafanya hivyo hivyo kwa kutumia homoni ile ile, na kwa kweli ukiutazama bila hasira ya mzazi, una akili kuliko dozi zetu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtaalamu wa lishe alikataa dozi ipande kabla hajamaliza kazi yake. Ukimwongezea homoni mtoto ambaye ini lake limeziba masikio, unachoongeza zaidi ni ile kazi ya kuyeyusha mafuta, na mafuta yenyewe hana.

Kwamba kuna mtu wa kati baina ya homoni na mfupa, jambo hilo lilianza kujulikana mwaka 1957 huko Marekani. Watafiti Salmon na Daughaday walichukua gegedu, yaani mfupa laini, ya panya walioondolewa tezi ya pituitari, wakaiweka kwenye chombo, wakaitilia homoni ya ukuaji moja kwa moja. Gegedu haikushtuka sana. Walipoitilia majimaji ya damu ya panya wazima ikaanza kunyonya salfati, ambayo ni alama kwamba inajijenga. Majimaji ya damu ya panya wasio na tezi hayakufanya hivyo, ila panya hao wakichomwa homoni kwanza, damu yao inapata uwezo huo. Maana yake homoni ilikuwa inazaa kitu kingine mwilini, na kitu hicho ndicho leo tunakiita IGF-1. Siku hizi inajulikana pia kwamba mfupa hutengeneza IGF-1 yake papo hapo na kwamba homoni inaugusa bila kupitia ini, lakini ile inayosomwa kwenye mrija wa damu, nyingi inatoka ini.

Tukarudi kwenye chakula. Niliagizwa kuandika kila anachotia mdomoni, hata kile anachobakisha, na niandike kabla sijasahau. Daftari lilionyesha kitu ambacho mimi nilikijua siku zote: kijana anakula. Nyama, mayai, maharage, maziwa, matunda, mkate, vyote vipo na kwa wingi. Mtaalamu alilisoma kwa makini kuliko nilivyotegemea, akitazama vitu viwili kwa pamoja, protini na nishati kwa jumla. Alinieleza kwamba IGF-1 inahitaji vyote viwili. Mtoto anayekula protini nyingi lakini nishati yake kwa jumla ni ndogo, mwili unaichoma ile protini kama nishati na ini linabaki bila cha kujengea. Na mtoto anayeshiba wanga pekee IGF-1 yake pia hubaki chini. Ndiyo maana simpendekezei mtu zile poda za protini zinazouzwa kwa picha za watoto warefu. Zile za asidi amino zinazodaiwa "kuamsha homoni ya ukuaji" ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinamuuzia mzazi homoni ambayo pengine mtoto wake anayo ya kutosha.

Daftari lilipotulia, hoja yake ikawa fupi. Mtoto anakula vizuri na kilo hazipandi. Basi ama mwili unatumia kupita kiasi, ama unapoteza, ama utumbo haunyonyi. Akauliza kuhusu choo, rangi yake, harufu yake, kama kinaelea. Akauliza kama anachoka. Kisha akamwomba daktari vipimo vingine vya damu.

Majibu yalikuja yakiwa na kasoro nyingi kwa mpigo. Damu ilikuwa pungufu, na feritini, ambayo inaonyesha akiba ya madini ya chuma, ilikuwa karibu kwisha. Vitamini D ilikuwa chini. Zinki ilikuwa chini. Kimoja kikipungua unaweza kulaumu sahani, lakini vyote hivyo kwa pamoja, kwa mtoto mwenye daftari kama lile, vinaelekeza kidole kwenye utumbo mwembamba.

Zinki inastahili kuzungumziwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa kiume aliowaona Iran, watu wazima kwa umri lakini wafupi na wasiobalehe, mtu angesema ni watoto. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate usiotiwa chachu, na wengi walikuwa wanakula udongo. Mkate wa namna hiyo una faiteti nyingi, kitu kinachoishika zinki tumboni isinyonywe, na udongo unafanya hivyo pia. Kazi aliyoiendeleza Misri ilithibitisha upungufu wa zinki kwa vijana kama hao, na waliopewa zinki walirefuka na kubalehe. Kabla ya hapo wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki. Zinki inahitajika seli zinapogawanyika, na ikipungua IGF-1 inashuka hata kama nishati na protini zipo; tena inaua hamu ya kula, kwa hiyo tatizo linajilisha lenyewe. Vitamini D ina njia yake: mtoto anayerefuka kwa kasi ya sindano anahitaji kalsiamu na fosfati nyingi za kuufanya mfupa mpya uwe mgumu, na bila vitamini D hazinyonywi vya kutosha.

Kipimo kilichofuata kilikuwa cha kingamwili za ugonjwa wa siliaki, ule ambao mwili unaishambulia kuta ya utumbo kila mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kabla ya sindano kuanza alikuwa amepimwa na hakuwa nao. Ni kawaida kuupima kwa mtoto mfupi. Safari hii kingamwili zilikuwa juu sana. Nilipouliza imekuwaje, daktari alisema ugonjwa huu unaweza kuanza wakati wowote, na kwamba jibu safi la miaka iliyopita halimlindi mtu. Akaongeza jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari langu: kipimo cha kawaida kinatafuta kingamwili za aina ya IgA, na wapo watu ambao hawatengenezi IgA, hivyo kwao kipimo kinaweza kusema hakuna ugonjwa na kumbe upo. Inabidi IgA yenyewe ipimwe pia. Kamera ikapitishwa tumboni, vipande vidogo vikachukuliwa, na vile vijidole vya kwenye kuta ya utumbo vinavyonyonya chakula vikaonekana vimelala chini kama zulia lililochakaa.

Gluteni ikaondolewa, na itabaki imeondolewa maisha yake yote. Akapewa madini ya chuma, zinki na vitamini D kwa vipimo vya daktari. Wazazi wengine wananiuliza ni kitu gani kilirudi kwanza, wakidhani ni urefu. Kwanza ulirudi ucheshi. Sikuwa nimetambua kwamba mtoto alikuwa amenuna mwaka mzima. Ikafuata hamu ya kula, kisha mizani, kisha IGF-1, na urefu ukawa wa mwisho kabisa kufika. Mpangilio ulikuwa ule ule wa kwenye rula ya mtaalamu wa lishe, safari hii ukienda mbele. Siku ya kupimwa alisimama visigino vikigusa ubao, kidevu sawa, muuguzi akamwambia avute pumzi, akashusha kile kibao mpaka kikabana nywele. Akasoma, akakinyanyua, akakishusha tena, akasoma tena. Tulipimwa asubuhi kama siku zote, kwa sababu mtu hupungua karibu sentimita nzima kufikia jioni na kliniki yetu haitaki ubishi wa namna hiyo. Mwaka huo aliongezeka sentimita 8, bila dozi kuguswa.

Nisieleweke vibaya: chakula hakiponyi kila ufupi, na sindano bado anazihitaji, maana pituitari yake ni dhaifu kweli. Wapo pia watoto ambao karatasi yao ya maabara inafanana kabisa na ya mwenye njaa, homoni juu na IGF-1 chini, na hata uwalishe vipi hawarefuki. Hao wana ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na Zvi Laron mwaka 1966, ambao kipokezi cha homoni chenyewe kina hitilafu. Wao hupewa IGF-1 ya kutengenezwa, kwa kuwa homoni ya ukuaji kwao haina pa kushika. Na upande mwingine kabisa yuko mtoto mnene, ambaye homoni yake ikipimwa inaweza kuonekana ndogo wakati anarefuka vizuri tu, kwa sababu insulini na chakula vimejaa. Namba moja peke yake, bila mizani, inaweza kumpeleka mtoto kwenye tiba isiyo yake.

Siku hizi nikienda kliniki nina mazoea yangu, na wamenizoea. Kama kijana alikuwa na homa au alitapika wiki ile, nasema kabla damu haijatolewa, kwa maana siku chache za kutokula zinatosha kuishusha IGF-1, na sitaki dozi ibadilishwe kwa sababu ya mafua. Naomba mistari yote miwili ya chati. Naulizia feritini na vitamini D hata kama hakuna aliyezitaja, na kingamwili za siliaki kila mwaka, ambazo kwake zinaonyesha kama kuna gluteni inayopenya kutoka mahali tusipopajua. Zimewahi kupanda kidogo, tukatafuta, tukakuta ni unga uliotumika kukolezea mchuzi.

Dozi yake hatimaye imepanda, kwa sababu kilo zimepanda nayo hupigwa kwa kilo. Mdogo wake wa kike naye amepimwa siliaki, kwa kuwa ndugu wa damu wako kwenye hatari zaidi. Hana, ila atarudiwa, na mstari wake wa uzito nimeanza kuuangalia.